Sauti Haisikiki, Inachelewa au Inapasuka: Kutatua Matatizo ya Traki za Sauti Unapohariri Video

Malalamiko ya sauti yanayomfikia mhariri wa video ni yale yale, iwe kazi ni ya harusi, mahubiri, mahojiano ya barabarani au somo la darasani. Sauti haisikiki kabisa, inasikika sikio moja tu, inapotea ikichezwa kwenye simu, haiendi na midomo, inapasuka, ina mvumo, au ilikuwa nzuri wakati wa kuhariri ikaharibika baada ya kurenda (kutoa faili la mwisho). Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo, na chini ya kila dalili visababishi vinaanza na kile kinachotokea mara nyingi na kuishia na cha nadra. Programu zinazotajwa ni DaVinci Resolve, Adobe Premiere Pro na Kdenlive, lakini mantiki inafaa kwa programu yoyote yenye traki (safu za klipu kwenye taimulaini) zaidi ya moja.

Kabla ya kugusa chochote

Sauti hupita vituo vingi kabla ya kumfikia msikilizaji: maiki, kebo, kamera au kinasa sauti, faili, klipu, traki, masta (jumla ya traki zote), faili iliyorendwa, na mwisho spika. Kazi ya kwanza ya mhariri si kurekebisha, bali ni kujua sauti iliharibikia kituo gani, kwa sababu kila athari inayoongezwa juu ya kosa ambalo chanzo chake hakijajulikana huwa ni kosa la pili litakalohitaji kuondolewa baadaye. Wahariri wengi hukimbilia kichujio cha kelele au kuongeza desibeli, na hapo ndipo saa nzima ya kazi inapopotea.

Fanya majaribio mawili. Kwanza, cheza faili asili nje ya programu ya kuhariri, kwa mfano katika VLC, ukitumia hedifoni za waya. Ikiwa kosa liko humo tayari, basi mipangilio ya traki haina hatia. Pili, cheza klipu ndani ya programu na utazame kipimo cha sauti cha traki, kisha cha masta. Kipimo cha masta kikiwa kinapanda na kushuka lakini husikii kitu, kosa liko baada ya programu, yaani kwenye kifaa cha kutolea sauti. Kipimo cha traki kikipanda huku cha masta kimelala, kosa liko kati ya traki na masta. Vyote viwili vikiwa vimelala, rudi kwenye klipu na faili.

Picha inacheza, lakini hakuna sauti

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni vitufe vya M na S, ambavyo katika Resolve na Premiere Pro viko kwenye kichwa cha kila traki. M hunyamazisha traki hiyo, na S hunyamazisha nyingine zote ili hiyo ibaki peke yake. Mhariri aliyebonyeza S jana ili asikilize muziki pekee hufungua mradi leo na kudhani sauti za wazungumzaji zimefutika. Zima S zote, zima M zote, kisha sikiliza tena. Angalia pia kama klipu yenyewe imezimwa, kwani klipu iliyozimwa hubaki mahali pake ikiwa imefifia rangi.

Cha pili ni kifaa cha kutolea sauti. Programu inaweza kuwa bado inapeleka sauti kwenye televisheni iliyounganishwa kwa HDMI au kwenye spika ya Bluetooth iliyokwisha kuzimwa. Fungua mipangilio ya sauti ya programu, uchague kifaa unachokitumia sasa, na ikiwa bado kimya, funga programu na uifungue tena huku kifaa kikiwa tayari kimechomekwa.

Cha tatu ni kwamba sauti haikuingia kwenye taimulaini tangu mwanzo. Katika Premiere Pro na Resolve, klipu huingia tu kwenye traki zilizoelekezwa kuipokea. Ikiwa traki ya sauti haikuchaguliwa, picha huingia peke yake. Iweke klipu upya baada ya kuelekeza traki. Inafaa kukumbuka pia kwamba kamera nyingi hazirekodi sauti kabisa zinapowekwa kwenye hali ya mwendo wa polepole, hivyo unaitafuta sauti ambayo haijawahi kuwepo.

Kisababishi cha nadra zaidi, lakini kinachowasumbua sana watumiaji wa Linux, ni kodeki, yaani namna sauti au picha ilivyobanwa ndani ya faili. Kwa miaka mingi matoleo ya DaVinci Resolve ya Linux hayakuwa yakisoma sauti ya AAC, ambayo ndiyo iliyomo katika faili nyingi za MP4 za simu na kamera. Dawa yake ni kubadilisha sauti pekee kuwa PCM (sauti isiyobanwa) bila kuigusa picha, kwa amri hii ya ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v copy -c:a pcm_s16le tayari.mov

Sauti inasikika upande mmoja tu

Hili si tatizo la maiki mbovu, ingawa wengi hulidhania hivyo. Maiki moja hutoa chaneli moja, na kamera inapoiandika katika faili la stirio (lenye chaneli mbili, kushoto na kulia), sauti hukaa kushoto na upande wa kulia huachwa mtupu. Programu inatii kile ilichopewa. Kabla ya kutumia athari yoyote, ielekeze klipu: katika Resolve fungua «Clip Attributes», nenda sehemu ya sauti, uifanye klipu kuwa mono (ya chaneli moja) yenye chanzo chake kwenye chaneli iliyo na sauti. Katika Premiere Pro hilo hufanywa kwenye marekebisho ya chaneli za klipu, na ni vizuri kuyafanya klipu ikiwa bado kwenye hifadhi ya mradi, kabla haijakatwa vipande mia kwenye taimulaini. Kwa klipu iliyokwisha kukatwa, Premiere Pro ina athari iitwayo «Fill Right with Left», ambayo hunakili kushoto kwenda kulia, na nyingine ya kinyume chake.

Usitatue kosa hili kwa kusukuma kirungu cha mwelekeo (pan) kutoka kushoto kwenda katikati bila kwanza kuangalia aina ya traki. Kwenye traki ya stirio, kirungu hicho hupunguza upande mmoja tu, hakihamishi sauti. Ndiyo maana inafaa mradi uanze kwa kuamua aina ya kila traki: mono kwa wazungumzaji, stirio kwa muziki na sauti za mazingira. Traki ya 5.1 (ya chaneli sita) isitumike isipokuwa mteja ameiomba.

Angalia pia kama chaneli mbili zilirekodiwa kwa makusudi. Vipokezi vingi vya maiki zisizo na waya huweza kuandika chaneli ya pili kwa kiwango cha chini, kama akiba endapo mzungumzaji atapaza sauti. Chaneli hizo mbili zisichanganywe. Tumia ya kwanza, na uende kwenye ya pili pale tu ambapo ya kwanza imepasuka.

Kwenye hedifoni ipo, kwenye simu imetoweka

Dalili hii inastahili uangalifu kuliko nyingine, kwa sababu mhariri haisikii akiwa kazini. Mteja anapiga simu kulalamika kwamba kwenye simu yake muziki unasikika vizuri ila maneno ya sheikh au ya bwana harusi hayapo, na mhariri akisikiliza kwa hedifoni anayasikia yote.

Kinachotokea ni kwamba chaneli ya kulia ni nakala ya chaneli ya kushoto iliyogeuzwa juu chini: wimbi moja likipanda, lingine linashuka kwa kiasi kile kile. Masikio mawili yaliyofunikwa kando kando bado huyasikia yote mawili, ingawa sauti huonekana kana kwamba imetawanyika na haina katikati. Simu au spika ndogo ya mono hujumlisha chaneli mbili, na jumla ya mawimbi hayo ni sifuri.

Chanzo chake kikubwa ni adapta. Miksa za ukumbini hutoa sauti kwa kebo ya XLR, yenye waya mbili zinazobeba wimbi lile lile, moja likiwa limegeuzwa, pamoja na waya wa ardhi. Adapta ya kawaida inayogeuza XLR kuwa jeki ya stirio ya milimita 3.5 hupeleka waya mmoja kushoto na wa pili kulia, na kamera huyaandika yote mawili bila kujua.

Kulithibitisha ni rahisi. Weka masta kwenye mono, au rekebisha kifaa cha kutolea sauti kiwe mono kwa muda, kisha cheza. Maneno yakitoweka, umepata jibu. Chukua chaneli moja tu, uifanye mono kama ilivyoelezwa katika sehemu iliyotangulia, na uiache nyingine. Hakuna haja ya kichujio wala kuongeza sauti. Ukirudi ukumbini, tumia adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au umwombe mtu wa miksa akupe sauti kwenye tundu lisilo la XLR.

Ikiwa katika mono maneno hayatoweki kabisa bali yanakuwa membamba na kama yametoka ndani ya bomba, kisababishi ni kingine: maiki mbili zilizokuwa umbali tofauti zimeachwa wazi pamoja. Nyamazisha moja. Mtu akilazimika kuzitumia zote, asogeze klipu moja kwa milisekunde chache hadi michoro ya mawimbi ilingane, lakini mara nyingi maiki iliyo karibu na mdomo inatosha peke yake.

Sauti haiendi na midomo

Uliza swali moja kabla ya lingine lolote: je, tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, au inakua kadiri video inavyoendelea? Majibu hayo mawili yana visababishi tofauti kabisa, na anayeyachanganya atasogeza klipu mchana kutwa bila mafanikio.

Tofauti isiyobadilika huanzia mara nyingi kwenye hedifoni za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti kiasi cha kuonekana kwa jicho. Chomeka za waya. Kosa likipotea, hapakuwa na kosa kwenye mradi. Baada ya hapo angalia kama klipu zilitenganishwa na sauti zake kwa bahati mbaya. Hutokea pale mhariri anapoingiza kipande katikati huku traki ya sauti ikiwa imefungwa, hivyo picha inasogea na sauti inabaki. Resolve na Premiere Pro huonyesha namba nyekundu kwenye klipu zilizopishana, na namba hiyo inakuambia ni fremu ngapi za kurudisha.

Kwa matukio ya ukumbini kuna umbali wenyewe. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye spika hupokea sauti kupitia maiki yake ikiwa imechelewa milisekunde 100. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na ucheleweshaji huo ni fremu mbili na nusu. Sauti iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye miksa haina ucheleweshaji huo, na ndiyo maana hizo mbili zikiwekwa pamoja hutoa mwangwi. Tumia ya kamera kwa ajili ya kulinganisha tu, kisha uinyamazishe.

Tofauti inayokua ina habari nyingine. Kisababishi cha kwanza ni kiwango cha fremu kinachobadilika. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo sawa. Hupunguza au kuongeza kulingana na mwanga na joto la kifaa, na programu za kuhariri zinazotarajia mwendo thabiti huanza kupishanisha picha na sauti. Rekodi za skrini zina tabia hiyo hiyo. Kdenlive hukuonya na kujitolea kubadilisha faili. Kwingineko itakubidi ubadilishe mwenyewe kabla ya kuanza kukata, ama kwa HandBrake ukichagua mwendo thabiti wa fremu, ama kwa ffmpeg:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le -ar 48000 tayari.mov

Andika 25 badala ya 30 ikiwa simu ilipangwa kurekodi kwa fremu 25. Video iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa. Mwombe mwenye nayo aitume upya kama hati ili faili lije lilivyo.

Cha pili ni saa za vifaa. Kamera na kinasa sauti kila kimoja kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Kosa la sehemu 50 kwa milioni, ambalo ni dogo, hufikia milisekunde 180 kwa saa moja, yaani zaidi ya fremu 4. Kwa mahubiri ya saa moja na nusu, linganisha mwanzo, kisha nenda mwisho upime tofauti, na unyooshe au ufupishe klipu ya sauti kwa asilimia hiyo ndogo huku ukiwasha chaguo la kutunza kimo cha sauti. Njia nyepesi, na binafsi naiona bora, ni kukata sauti kwenye vituo vya ukimya kila baada ya dakika chache na kusogeza kila kipande hadi kilingane na midomo.

Cha tatu ni nadra siku hizi: kiwango cha sampuli kilichosomwa vibaya. Video hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, na muziki wa CD 44,100. Programu za sasa hubadilisha zenyewe, lakini faili lililoandikwa vibaya likisomwa kwa kiwango kisicho chake, rekodi ya dakika 60 yenye sampuli 44,100 huisha kwa dakika 55 na sekunde 7, na mzungumzaji huwa na sauti nyembamba kuliko yake. Ukisikia kimo cha sauti kimebadilika pamoja na mwendo, usitafute kosa mahali pengine.

Sauti inapasuka au inakwaruza

Tenganisha mambo mawili. Ikiwa mkwaruzo hubadilisha mahali kila unapocheza, ni kompyuta inayoshindwa kusoma faili kwa wakati. Nakili faili kutoka kwenye kadi au diski ya USB hadi diski ya ndani, ongeza ukubwa wa bafa (akiba ya muda ya data) kwenye mipangilio ya sauti, na uzime athari nzito kwa muda. Ukirenda, mkwaruzo huo hautakuwepo.

Ikiwa uko mahali pale pale kila mara, tazama mchoro wa wimbi. Vilele vikiwa vimekatwa tambarare, sauti ilizidi uwezo wa kifaa wakati wa kurekodi, na kupunguza desibeli sasa kutakupa mpasuko ule ule kwa sauti ndogo. Jaribu chaneli ya akiba ikiwa ipo, au kifaa cha kuondoa mpasuko kilichomo kwenye programu ya sauti, lakini usitarajie muujiza. Rekodi za biti 32 za floti, aina yenye nafasi kubwa sana juu ya sifuri, ndizo pekee zinazoweza kuonekana zimepasuka kisha zikarudi salama ukipunguza kiwango cha klipu, ili mradi maiki yenyewe haikuzidiwa. Mpasuko unaotokana na miksa kuunganishwa kwenye tundu la maiki la kamera ni wa kudumu. Dawa yake ni kubadilisha tundu liwe la kiwango cha laini (line, kwa mawimbi yenye nguvu kuliko ya maiki) kabla ya sherehe kuanza.

Vilele vikiwa mviringo na salama kwenye klipu, lakini masta inagusa sifuri, basi ni jumla ya traki iliyozidi. Shusha traki, si masta. Mazungumzo yenye vilele kati ya desibeli -12 na -6 huacha nafasi ya kutosha kwa muziki kuingia.

Mvumo na kelele za umeme

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na mvumo wake husikika kwenye hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Kichujio chembamba kwenye masafa hayo huuondoa bila kuumiza sauti ya mtu, tofauti na kiondoa kelele cha jumla ambacho huifanya sauti iwe kama ya chini ya maji. Ukiwa na rekodi iliyofanywa Marekani, hesabu kutoka 60.

Mvumo ukisikika unaporekodi au kusikiliza moja kwa moja, chanzo mara nyingi ni vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti. Vichomeke kwenye soketi moja, au uchomoe chaja ya kompyuta ili utumie betri. Usiondoe wala kukata waya wa ardhi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo. Waya huo ndio unaokulinda na umeme. Ukihisi mshtuko hata mdogo unapogusa maiki au boksi la miksa, acha kazi, zima kila kitu ukutani, na umwite fundi umeme mwenye leseni. Amplifaya isifunguliwe na mtu asiye fundi hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa ndani yake umeme hubaki.

Baada ya kurenda, sauti si ile

Faili lisilo na sauti kabisa hutokana na kisanduku cha kutoa sauti kutochaguliwa, au S iliyosahauliwa kwenye traki moja. Faili ambalo muziki upo na maneno hayapo linakurudisha kwenye sehemu ya simu hapo juu. Ikiwa tofauti ni ya ukubwa wa sauti tu, ni jukwaa lililoipunguza: YouTube hushusha video zinazozidi takribani LUFS -14 (LUFS hupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na kituo cha televisheni kinachofuata kanuni ya Ulaya ya EBU R128 kitataka -23. Pima kwa kipimo cha LUFS cha programu kabla ya kurenda, maana kipimo cha vilele hakiwezi kukuambia hilo.

Wakati wa kumwachia mtaalamu

Kadi au diski inayotoa mlio wa kugonga, au inayotoweka katikati ya kunakili, isiandikwe tena chochote. Ichomoe, usijaribu programu za kurejesha data ukiwa na nakala moja tu, na umpelekee mtaalamu wa kurejesha data. Rekodi ambayo haiwezi kurudiwa, kama wosia, ushahidi au sauti ya marehemu, isichujwe kwenye faili asili hata mara moja.

Unapompa kazi mhandisi wa sauti, mpe faili asili zote, faili la AAF (linalohamisha taimulaini kwenda programu nyingine) kutoka kwenye taimulaini lenye ziada ya sekunde mbili kila upande wa mkato, na video ya rejea yenye namba za muda juu ya picha. Mwambie kiwango cha fremu na cha sampuli cha mradi, na umwandikie dakika na sekunde za kila mahali ulipoona kosa.